Bandari siyo asili ya pembe

Makala niliyoisoma inaeleza kuwa shehena ya pembe za tembo ilipitia bandari ya Mombasa, lakini bado hatujaambiwa tembo hao waliuawa wapi. Jibu liko kwenye DNA (vinasaba) ya pembe zenyewe. Timu ya Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, hupima sehemu 16 za DNA inayojirudiarudia, kisha hulinganisha na ramani ya DNA iliyotokana na kinyesi cha tembo wa Afrika nzima. Ute wa juu ya kinyesi una seli za utumbo, na humo ndimo DNA hupatikana. Mwaka 2015 walionyesha kuwa pembe nyingi za tembo wa savana zilitoka Selous, kusini mwa Tanzania, na Niassa, kaskazini mwa Msumbiji.

Kazi huharibikia kwenye sampuli. Kipande kisagwe kikiwa kimegandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, maana joto la kusaga huikatakata DNA. Na jamani, kabla ya kukata, pembe zipangwe jozi kwa rangi na unene, la sivyo tembo mmoja hupimwa mara mbili. Isiyo na mwenzake ipimwe na rekodi zake zitunzwe: pembe mwenzake ikionekana kwenye shehena nyingine, huenda msafirishaji ni yuleyule.