Msuli wa Ami

Kahawa ya barazani kwetu inatoka bara, na aliyeipulizia dawa mibuni yake hatumjui. Mbuni ukiachwa hupita kimo cha mtu, kwa hiyo bwana huyo huelekeza bomba juu na manyunyu yakamrudia usoni na mabegani. Sisi Unguja tuna tungule, yaani nyanya, zao la chini, dawa inakuja miguuni. Mengine ni yale yale.

Mwezi uliopita nilikwenda Bambi kumsaidia ami yangu. Bomba lake la mgongoni linavuja kwenye kifuniko, kalizungushia mpira wa baiskeli. Kila akipiga hatua dawa inateremka mgongoni, inaingia kwenye msuli, shuka yake ya kujifunga, inatulia kiunoni. Alifunga msuli ule tangu alfajiri mpaka adhuhuri, kisha akakaa nao chini ya mwembe akala muhogo kwa mkono ule ule. Nikamwambia, "Ami, badilisha nguo." Akacheka: "Hii dawa ya wadudu, mwanangu. Mimi mdudu?"

Kwa baadhi ya dawa, ndiyo. Dawa za wadudu za jamii iitwayo oganofosfeti huzuia kimeng'enya cha mishipa ya fahamu ambacho mdudu anacho na binadamu anacho. Mate yanajaa, jasho linamwagika, mboni zinasinyaa, nyama za mwili zinachezacheza. Ikizidi, pumzi inakata. Na mpuliziaji hupata sumu zaidi kwa njia ya ngozi kuliko puani. Ngozi ya sehemu za siri za mwanamume hunyonya mara kadhaa kuliko ya mkono, yaani pale pale msuli ulipolowana. (Ami nilimwambia hili pembeni, si mbele ya watu.)

Hata hivyo, wimbo wa "vaeni glovu, miwani na koti la mpira" umenichosha. Koti la mpira, saa tano, jua la Januari! Anayesema hivyo kakaa chini ya feni.

Mimi ningeanzia dukani. Dawa ya ami ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, imepimwa kwa kizibo, haina karatasi. Chupa yake ya asili huwa na mkanda wa rangi: nyekundu ndiyo kali kabisa, halafu njano, buluu, kijani. Muuzaji akishaimimina kwingine, onyo lote limebaki kwake. Mtu akianguka shambani, daktari atauliza kanywa au kapuliza nini. Utamjibu nini, "ya kizibo kimoja"? Huyo muuzaji ndiye wa kubanwa kwanza, kabla hatujamsuta mkulima kwa kukosa glovu.

Kifuniko cha bomba tumekitia mpira mpya, kazi ya dakika tano ambayo ilingoja misimu miwili. Msuli nao mke wa ami kautengea ndoo yake, kaufunga mpini utambi mwekundu. Nepi za mjukuu haziingii humo tena.