H Mbili katika Mlinganyo Mmoja

Tazama mlinganyo huu wa fizikia: ℋ = ∫dτ(εE² + μH²). Kushoto, ℋ yenye mikia ni Hamiltoni, yaani nishati yote. Kulia, H ya kawaida ni uga wa sumaku. Sasa unakili, uubandike mahali pasipojali mitindo ya herufi. Unapata H = ∫dτ(εE² + μH²). Hakuna kisanduku tupu wala alama ya kosa; maandishi yanasomeka vizuri tu. Ila sasa H inatafutwa kwa kutumia H hiyohiyo, na mwanafunzi makini atakesha akitatua mlinganyo wa intigrali ambao hakuna aliyeuandika. Uzembe ungemwokoa.

Mfano huo Unicode, wanaoipa kila herufi ya kompyuta namba yake, wenyewe huutumia kueleza kwa nini mwaka 2001, katika toleo la 3.1, waliingiza karibu alama elfu moja za hisabati: herufi nene, za mwandiko, za Kijerumani cha kale, kila moja na namba yake.

Wanaopinga husema A ni A, mapambo ni kazi ya fonti. Wana pa kushikia. Herufi hizo zimehamia mitandaoni, mtu anajiita 𝓐𝓶𝓲𝓷𝓪, na asiyeona akitegemea programu ya kusoma skrini husomewa jina refu la kila herufi, au asisikie kitu. Kero ya kweli. Lakini aliyeileta ni mpenda madoido, si mwanahisabati, ambaye kwake mkia wa herufi ni sehemu ya maana.

Mimi naona Unicode walifanya nusu ya kazi. Kanuni yao ya kusawazisha maandishi, NFKC, bado hugeuza ℋ kuwa H. Tena mtumiaji wa LaTeX, programu ya kuchapa hisabati, ana miandiko miwili: \mathcal, iliyotulia, na \mathscr ya kifurushi cha mathrsfs, yenye vitanzi. Wapo wanaoitumia yote miwili katika makala moja kwa vitu tofauti. Unicode waliihesabu kuwa mmoja hadi toleo la 14, mwaka 2021: herufi kubwa ya mwandiko ikifuatwa na alama isiyoonekana, U+FE00, inakuwa ya kwanza, ikifuatwa na U+FE01 inakuwa ya pili. Fonti isiyozijua alama hizo huzipuuza, na herufi mbili zinachapwa kwa umbo moja, kimyakimya.