Hata yule wa nyundo alitakiwa aulizwe

Mnamkumbuka yule jamaa wa nyundo? David DePape, aliyevunja mlango akaingia nyumbani kwa Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani wakati huo, kule San Francisco usiku wa kuamkia Oktoba 28, 2022, anamtafuta Nancy, Nancy hayupo, yupo Washington, akamkuta mumewe Paul kalala, mzee wa miaka 82, na polisi walipofika mlangoni jamaa akamshushia nyundo ya kichwa palepale mbele yao, kamera zao zinarekodi. Fuvu likapasuka. Hapo hata wakili wako hana cha kubisha.

Kwa vile Nancy alikuwa Spika, jamaa akapandishwa mahakama ya serikali kuu: kujaribu kumteka kiongozi miaka 20, kumshambulia ndugu wa kiongozi miaka 30, vifungo vinakwenda pamoja, yaani jumla 30. Waendesha mashtaka walitaka 40. Na jela za serikali kuu parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, ilishafutwa kitambo, ukiwa na tabia njema unapunguziwa siku 54 kwa mwaka, basi.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Mei 17, 2024 Jaji Jacqueline Scott Corley akasoma adhabu, watu wakaondoka, kumbe kasahau kumuuliza mshtakiwa kama ana lolote la kusema! Na waliomshtua ni upande wa mashtaka wenyewe. Ikabidi DePape arudishwe Mei 28, jaji akamuomba radhi, jamaa naye akasema samahani kwa alichomfanyia Paul, eti angeondoka tu alipoona Nancy hayupo. Akapigwa 30 zilezile.

Najua mtasema huo ni usumbufu wa bure. Mimi nasema hapana. Huku kwetu kwenye habari za mahakamani kuna ule mstari haukosi, "alipopewa nafasi ya kujitetea aliomba apunguziwe adhabu kwa kuwa ana mke na watoto wanaomtegemea", tunausoma tunacheka, ulipokuwa unapiga watu mapanga watoto hukuwakumbuka? Nilikuwa nacheka pia. Ni kweli Paul alimwandikia jaji akaeleza bamba la chuma lililobaki kichwani na jinsi kutembea kunavyomsumbua, na alistahili kusikika kabla ya mtu yeyote. Lakini mtu unayemfungia miaka 30 unashindwaje kumpa dakika mbili? Akiongea pumba, ni pumba zake, ziandikwe kwenye faili.

Oktoba mwaka huohuo jimbo la California nalo likampa maisha bila parole, kwa mashtaka yaliyobaki ya tukio lilelile, ingawa jaji wa huko alishafuta shtaka la kujaribu kuua ili asihukumiwe mara mbili kwa kosa moja. Kwa hiyo zile 30 hata zingepungua kwa tabia njema zikawa kama 25 asingetoka. Na bado walimrudisha, wakamuuliza.