Naam, ile miguu ni yangu

Tangu juzi jioni, rafiki yangu alipowawekea hapa klipu ya miguu ya mtu iliyo juu chini ndani ya gari linalolia king'ora, nimesubiri atokee hata mtu mmoja aseme, "Jamani, huenda hiyo klipu imekatwa." Wapi. Mmecheka tu. Hata shemeji yangu, ambaye haikumbuki namba yangu mpaka awe na shida, kanitumia picha ya soksi bila neno lolote. Basi leo na mimi niseme.

Ile miguu ni yangu. Soksi ni zangu, na ndiyo, moja ni nyeusi na nyingine ya kijivu, alfajiri zinafanana. Gari ni langu, BMW M5 ile ile ninayowachosha nayo kila wiki. Ila maneno aliyoandika rafiki yangu pale juu, "Gari lamfungia mwenyewe ndani, lasema limemchoka", ni uzushi mtupu. Gari halikunifungia. Aliyenifungia ni yeye, kwa kidole chake gumba, na ile sekunde ya kubonyeza haimo kwenye klipu kwa kuwa mkataji wa klipu ndiye mshtakiwa.

Wageni (wenyeji rukeni, mmeshaikariri): hii ni M5 ya umbo la E39, zile za kati ya 1998 na 2003. V8 ya lita 4.9, farasi 400, gia sita za mkono. Otomatiki haikuwahi kuwekwa. Kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ni sekunde 5.3, na hiyo namba ishikeni, tutaihitaji. La kwangu nililinunua likiwa na kila kitu chake: kitabu, vifaa vya kwenye buti, hata funguo zote nne, ukiwemo ule mwembamba wa plastiki ambao niliupiga picha mwezi uliopita nikawaringia mpaka wengine mkaninyamazisha.

Ugonjwa haukuwa wa injini. Injini ile siigusi. Kila silinda ina kilango chake cha hewa, vilango vinane, na mimi nina mikono miwili isiyoelewana. Ilikuwa feni ya ndani. Unaiweka namba mbili, inapuliza kama kimbunga. Unaizima, inakohoa kidogo, inaendelea na shughuli zake. Usiku mmoja nimetoka nje nikaikuta inapuliza peke yake, gari limefungwa, ufunguo uko mezani kwangu. Asubuhi betri haina hata chembe.

Mwenye E39 yeyote ukimsimulia hivyo hangoji umalize. Atakwambia: kalunguyeye. Ndilo jina la utani la kile kidude kinachodhibiti umeme wa kwenda kwenye feni, maana mgongoni kimejaa miiba ya chuma ya kupozea joto, utadhani kitajikunja ukikigusa. Kimefanya kazi zaidi ya miaka 20, kimechoka, simlaumu mtu. Mpya nilikuwa nacho mkononi. Kazi ya nusu saa, walisema. Hawakusema hiyo nusu saa unakuwa umekaaje.

Kalunguyeye kajichimbia chini ya dashibodi, ubavuni mwa sanduku la hita, mahali ambapo kichwa cha mtu mzima hakikukusudiwa kufika. Nilijaribu kwa magoti. Nilijaribu kwa ubavu. Mwisho nikajigeuza kama popo: mgongo kwenye kikalio cha siti ya dereva, kichwa chini kwenye pedeli, miguu imepanda egemeo la siti mpaka visigino vikatua kwenye kimto cha kichwa. Waleti ilikuwa inanichoma kiunoni, nikaichomoa nikaiweka chini ya kisogo iwe mto. Nikajiona mjanja.

Simu ya rafiki yangu ikawa juu ya dashibodi inarekodi. Kamera yake ni nzuri kuliko yangu, na wazo la kurekodi, msinikumbushe, lilikuwa langu. Simu yangu nimeing'ata kwa meno, tochi inawaka. Vioo vyote nimepandisha ili upepo usiharibu sauti. Nilikuwa nawaandalia somo, jamani! Mwanzoni kabisa nasikika nikisema, "Karibuni tena, fundi wenu nipo kazini." Nako kakukata.

Kumbe bisibisi niliyoingia nayo siyo. Inatakiwa ya nyota, na ya nyota iko stoo, na ufunguo wa stoo umefungwa pete moja na wa gari. Nikampa pete nzima.

Hapa nikiri kitu. Mwezi mzima nimemhubiria huyu bwana: gari kama hili haliachwi hivi hivi, ukipiga hatua tatu tu unafunga. Nimewahi kumfokea mbele za watu. Kwa hiyo alishuka, akafunga mlango taratibu kama nilivyomfundisha, akapiga hatua tatu (nina hakika alizihesabu), akabonyeza.

Milango minne ikasema: kwap.

Siyo ile tak nyepesi ya kujifungia mwenyewe ukiwa barabarani. Hii ilikuwa kwap ya kabati la benki. Nikiwa kule chini nikawaza, mlango umefungwa vizuri, kijana anaelewa. Nikaendelea kupapasa miiba ya kalunguyeye kwa ncha za vidole. Zikapita sekunde kadhaa za amani ambazo nazikumbuka kwa uchungu.

Halafu nikainua goti.

Sijui niwaeleze vipi king'ora kile ukiwa ndani yake. Nje ni kelele. Ndani ni kama mtu kakuvisha sufuria kichwani kisha akaipiga kwa mwiko. Nilishtuka, paji likagonga chuma cha usukani, tochi ikanitoka mdomoni. Nikataka kuinuka, shingo ikarudishwa chini: kofia ya sweta imenasa kwenye pedeli ya klachi. Nikanyoosha mkono hadi kwenye kitasa cha mlango, nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Kilikuwa legelege kama mkono wa marehemu.

Ndipo kitabu cha gari kikanijia, ukurasa na yote. Gari hizi za soko la Ulaya ukizifunga kwa rimoti, vitasa vya ndani navyo vinakufa, ili mwizi akivunja kioo asiweze kuufungua mlango kwa ndani. Kitabu kinaonya usifunge kwa rimoti kukiwa na mtu ndani. Nimekisoma kile kitabu mara tatu, kuna mahali nimepigia mstari kwa kalamu. Na ndani kuna kihisio kinachoangalia kama kuna kitu kinachosogea. Kilikuwa kinaniangalia mimi.

King'ora kikaimba kama nusu dakika, kikanyamaza. Taa za nje zikaendelea kupepesa. Nikatulia. Nikavuta pumzi ndogo. Kimya. Nikasogeza kidole kimoja. Kimya. Nikaanza kujifunza sheria za nchi: kidole ruksa, kiwiko hapana. Macho ruksa. Kiuno usithubutu. Polepole, kama mtu anayeiba mboga jikoni, nikapeleka mkono kwenye ile kofia ya sweta, inchi kwa inchi. Nimeigusa. Nimeishika. Na kutoka kwenye lile sanduku la hita, ambalo halijafunguliwa tangu gari lizaliwe, vumbi jembamba likashuka likanitua puani.

Nilipambana. Mungu ni shahidi. Nilibana pua, nilibana macho, niliwaza mambo ya huzuni. Chafya ikatoka kwa mguu: nilipiga teke kimto cha kichwa. Ile sekunde mnayoirudia rudia, soksi nyeusi ikiruka juu kama samaki, ndiyo hiyo.

King'ora, awamu ya pili.

Kilipokoma nikapapasa simu sakafuni, nikampigia rafiki yangu. Simu iliyokuwa inanirekodi pale juu ya dashibodi ikaanza kuita. Ni zile simu zinazotaja jina la anayepiga, nayo ikanitangazia kwa lafudhi ya kigeni: "Buana Injaini Baridi." Mara ya kwanza sikuelewa. Ya pili nikaelewa. Ndivyo alivyonihifadhi. Eti kwa sababu namkataza mtu kukanyaga mafuta kabla vile vitaa vya kwenye saa ya mizunguko havijazimika kimoja kimoja, oili ipate moto. Sawa. Tutazungumza.

Nikampigia mke wangu. Akapokea mara moja, nami nikafungua mdomo.

"Baba watoto, hebu lizime hilo gari lako, watu wanapumzika."

Akakata.

Wakati huo nje kulishakuwa na hadhara. Alianza mtoto, nikasikia pua yake ikikwaruza kioo. "Mjomba, mbona miguu yako iko juu?" Nikamwambia aende akamwite mama. Akaenda akawaita wenzake. Kisha ikaja sauti nzito ya mzee jirani, mtu wa heshima zake, ambaye kutoka pale aliposimama alikuwa anaona gari linalolia na miguu miwili ya mtu aliyejificha chini ya dashibodi, pamoja na nyaya zinazoning'inia. Jiwekeni na nyinyi mahali pake.

"Mwizi kanaswa!"

"Siyo mwizi, ni mimi!"

"Mimi nani?"

"Mimi mwenye gari!"

"Wote husema hivyo."

Sasa hapa sijui ni malezi au ni kuchanganyikiwa. Nikiwa kichwa chini, klachi sikioni, nikapaza sauti: "Shikamoo, mzee!"

Kikapita kimya kifupi.

"Marahaba," akasema. Halafu, akiwageukia watu: "Mwizi mwenyewe ana adabu."

Hicho kicheko kinachosikika mwishoni mwa klipu, kile cha watu wengi, ndicho hicho. Hakikuwa cha soksi.

Na rafiki yangu? Alikuwa ndani ya lile kundi! Alichelewa stoo akitafuta bisibisi, akasikia king'ora akadhani ni cha gari la mtu mwingine, akasikia "mwizi" akatoka mbio kuja kumwona. Alisukuma watu mpaka akafika mbele, rimoti yangu mfukoni, bisibisi ya nyota mkononi. Alipoitambua ile soksi ya kijivu alikaa chini. Namaanisha alikaa, kitako, ardhini. Nilimsikia akitafuta pumzi.

Aliponyanyuka akabonyeza. Buti likafunguka. Akabonyeza kingine. Kwap. Akabonyeza hicho hicho tena, na hapo, kwa faida yenu, ukibonyeza kufunga mara mbili mfululizo kihisio cha ndani kinalala, king'ora hakikuhisi tena ukijisogeza. Yaani dakika 38 baadaye kijana alifunga gari kwa usahihi. Sekunde 5.3 hadi kilomita 100, na mimi nilikaa humo dakika 38 bila kwenda hata hatua moja. Jaribio la nne mlango ukafunguka. Akakata kofia ya sweta kwa kisu, nami nikateleza nje kama gunia, nikatua miguuni kwa yule mzee, nikamwamkia tena. Sijui kwa nini.

Mengine hayana uzito. Kalunguyeye mpya nilimfunga jana mchana, vioo chini, ufunguo mfukoni mwangu mwenyewe; feni inatii. Betri ilibidi ichajiwe. Sweta limekuwa la kufutia oili. Simu yake nilimkabidhi kwa mkono wangu, nikamshukuru, bila hata kukumbuka kwamba ilikuwa bado inarekodi. Wale mnaouliza kama tumekosana: hapana, ila anatembea kwa miguu.

Nilidhani yameisha. Jana usiku mke wangu akaitazama klipu kwa mara ya saba, kisha akaizima, akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo naijua vizuri:

"Ule ufunguo wa plastiki uliowaringia watu kwa picha. Ule mwembamba. Unakaa wapi vile?"

Nikamwambia unakaa kwenye waleti, ndiyo kazi yake, ulitengenezwa kwa ajili ya dharura. Unaingia kwenye swichi kama funguo nyingine, unazungusha, unashusha kioo.

"Na waleti ilikuwa wapi?"

Nimemwambia nakwenda kuangalia kama nimefunga gari.