Cheti kilichosainiwa na mama: njia ya chuo kwa wanaosomea nyumbani Marekani

Nchini Marekani mzazi anaweza kumfundisha mwanawe nyumbani hadi mwisho wa sekondari, akamtungia mitihani, akamsahihishia, kisha akamwandikia cheti cha kuhitimu na kukisaini mwenyewe. Katika majimbo mengi cheti hicho ni halali. Elimu ya nyumbani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, na takwimu za serikali za mwaka 2019 zilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 1.5 walikuwa wakisoma kwa njia hiyo. Linalobishaniwa ni kama chuo kitakiamini, na kama ni haki mzigo wa kukiaminisha umwangukie kijana.

Wanaotetea mfumo huu wana hoja nzito. Fomu ya Common App, inayopokelewa na mamia ya vyuo, ina nafasi ya aliyesomea nyumbani, na mzazi ndiye anayejaza sehemu ambayo kwa wengine hujazwa na mshauri wa shule. MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia, haiwadai waombaji wake cheti cha sekondari wala GED, mtihani unaoshika nafasi ya cheti hicho. Sheria za misaada ya serikali kuu nazo humkubali aliyemaliza sekondari nyumbani kwa kufuata sheria za jimbo lake, kwa hiyo ruzuku ya Pell, msaada wa fedha usiorudishwa kwa wanafunzi wenye uhitaji, na mikopo ya serikali havifungwi kwake. Anayewatisha wazazi kwamba mtoto wa nyumbani hafiki chuo hasemi kweli.

Ila MIT hiyohiyo, iliyolegeza masharti ya mitihani wakati wa janga la korona, mwaka 2022 ilirudisha sharti la SAT au ACT, mitihani sanifu ya kuombea chuo, kwa waombaji wote. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Chuo kinaweza kusamehe cheti, lakini hakisamehe ushahidi. Ofisa wa udahili akipokea karatasi yenye alama ya A kila mstari na sahihi ya mama chini yake, hana namna ya kujua kama mama huyo ni mwalimu mkali kuliko wote wilayani au ni mzazi aliyeshindwa kumnyima mwanawe alama. Anahitaji neno la mtu wa tatu.

Tuitazame karatasi hiyo ya alama yenyewe, yaani transkripti, maana ndiyo inayowatoa jasho wazazi wengi. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja: jina la somo, mwaka, krediti, alama, na wastani wa alama zote. Krediti moja kwa desturi ni kazi ya mwaka mzima, na wengi huihesabu kuanzia saa 120 za masomo. Kuandika “Hisabati” hakutoshi. Iandikwe Aljebra ya Pili au Jiometria. Kwenye karatasi ya maelezo ya kozi, ambayo vyuo vingi vyenye ushindani hupenda kuiona, kinatajwa kitabu kilichotumika, majaribio ya maabara yaliyofanyika na jinsi alama zilivyotolewa. Mzazi aliyekuwa akiweka kumbukumbu tangu darasa la tisa, mwanzo wa sekondari, hana kazi kubwa hapo. Aliyengoja hadi darasa la kumi na mbili, la mwisho, hubaki akikisia, na makisio huonekana.

Ushahidi wa nje una njia kadhaa, na kwangu mimi ulio bora ni kozi za chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha eneo chenye masomo ya miaka miwili, ambazo kijana anazichukua akiwa bado sekondari. B ya Kemia kutoka kwa mhadhiri asiyemjua mama wala baba ina uzito kuliko A nyingi za nyumbani, tena krediti zake mara nyingi huhesabiwa akifika chuo. Mitihani ya AP, ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, inayofanywa kila Mei, nayo husaidia, ila mwanafunzi lazima atafute shule itakayokubali afanyie mtihani kwake, na shule nyingine hukataa. Utafutaji huo uanze miezi mingi kabla.

Wapo wazazi wanaoudhika na haya yote. Walimtoa mtoto shuleni ili asome kwa kina na kwa kasi yake, na sasa wanaambiwa wamrudishe kwenye mitihani ileile. Malalamiko yao nayaelewa. Kijana aliyetumia miaka mitatu akichunguza ndege wa kinamasi na kuandika alichokiona ana elimu ambayo SAT haiipimi. Lakini kazi hiyo pia inaweza kushuhudiwa na mtu wa nje: mtaalamu aliyemwongoza anaweza kumwandikia barua ya mapendekezo.

GED yenyewe ilianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi waliokatisha masomo. Ina masomo manne, na kufaulu ni kupata alama 145 kwa kila moja, kwenye kipimo cha 100 hadi 200. Wazazi wengine humkimbiza mtoto huko wakidhani ni lazima. Mwenye transkripti nzuri na cheti halali kwa jimbo lake kwa kawaida haihitaji, na baadhi ya wasomaji wa maombi wanaweza kumdhania kuwa aliacha shule njiani. Asiye na kumbukumbu yoyote, kwake ni mlango wa kweli.

Na wasio na kumbukumbu wapo, jambo ambalo watetezi wa uhuru kamili hulipita haraka. Texas haimdai mzazi hata taarifa kwamba anafundisha nyumbani. Mzazi makini hutumia uhuru huo vizuri sana. Mzazi aliyezidiwa, au aliyekata tamaa, huacha miaka ipite, na anayelipa ni kijana wa miaka 18 ambaye hakuwahi kuulizwa.

Wanaohofia serikali kuingia sebuleni nao hawazushi. Kuna maofisa wanaodai zaidi ya sheria inavyoruhusu. Ndiyo maana navutiwa na Pennsylvania. Huko mzazi hutunza kumbukumbu za kazi za mtoto, na kila mwaka mtathmini anayechaguliwa na familia yenyewe huzipitia na kuzungumza na mtoto. Tangu sheria ya mwaka 2014, cheti kilichosainiwa na mzazi pamoja na mtathmini wa darasa la kumi na mbili kina hadhi sawa na vyeti vingine vya sekondari jimboni. Familia imebaki na mamlaka juu ya masomo, na kijana amepata ushahidi wa mtu wa nje. Ningependa kuona majimbo mengine yakifika hapo, hata kama wazazi wazuri watalalamika kuhusu makaratasi.

Kwa kijana ambaye tayari ana miaka 17 na hana hata daftari moja la kuonyesha, chuo cha jamii ndiyo njia iliyo wazi zaidi, kwa sababu vingi vya vyuo hivyo havichujii kwa alama. Afanye GED kama jimbo au chuo kinaidai, aanze hata na kozi za kujikumbusha hisabati, asome miaka miwili kisha aombe kuhamia chuo kikuu. Wakati huo vyuo vingi hutazama zaidi alama alizozipata chuoni kuliko zile ambazo hakuna aliyemwandikia nyumbani.