Sampuli Isafiri, Mgonjwa Akae: Mvutano wa Miezi Mitatu Baada ya Kupandikizwa Figo

Tangu Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, mgonjwa wa Mbeya, Njombe au Iringa halazimiki tena kwenda India kutafuta figo jipya. Kilichobaki ni barabara. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kwenda Dodoma kupitia Iringa ni kama 600. Mambo yakienda vizuri, mgonjwa hutoka wodini ndani ya wiki moja hadi mbili. Ubishi huanzia hapo: apange chumba karibu na hospitali iliyompandikiza kwa miezi mitatu, au arudi kwao afuatiliwe na hospitali ya rufaa iliyo jirani?

Wanaotaka abaki wana hoja nzito, nayo imelala kwenye kipimo kimoja: kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, na ikipanda ni dalili kwamba figo limelemewa. Tuseme ilikuwa imetulia kwenye 110, leo imesoma 150. Pengine mgonjwa ameharisha au hanywi maji ya kutosha, basi anaongezewa maji. Pengine takrolimusi, dawa inayozuia mwili usilikatae figo, imezidi damuni na inabana mishipa inayoingiza damu kwenye figo, basi dozi inapunguzwa. Pengine mkojo umeziba mahali mrija wa figo ulipoungwa na kibofu, au majimaji ya limfu yamejaa pembeni na kuukandamiza, na hapo dawa haisaidii kitu mpaka njia ifunguliwe. Na pengine mwili umeanza kulikataa figo, ambapo mgonjwa huwekewa methiliprednisoloni ya mshipa, steroidi ya kutuliza kinga, miligramu 500 au zaidi kwa siku, siku tatu mfululizo.

Tatizo ni kwamba tiba hizi zinapingana. Ukipunguza takrolimusi kwa mtu ambaye mwili wake unalikataa figo, umeusaidia mwili kuliua. Ukimwagia steroidi mtu mwenye maambukizi, umeyalisha maambukizi. Kinachotenganisha haya ni kiwango cha dawa damuni, ultrasaundi inayoonyesha pia mwendo wa damu kwenye mishipa ya figo, na mara nyingine kinyofu cha figo kinachochukuliwa kwa sindano na kusomwa chini ya hadubini. Tena mwili ukilikataa figo siku hizi haupigi kelele. Zamani vitabu viliandika homa, maumivu juu ya kidonda, mkojo kupungua. Kwa dawa za sasa mgonjwa anaweza kujisikia mzima kabisa huku kreatinini ikipanda peke yake.

Ndiyo maana ratiba ya mwanzo ni ngumu: kliniki mara mbili au tatu kwa wiki mwezi wa kwanza, mara moja kwa wiki mwezi wa pili, kila wiki mbili mwezi wa tatu. Kwa Mwafrika kuna sababu ya ziada. Wengi wetu tuna kimeng'enya cha ini na utumbo kinachoivunja takrolimusi upesi, kwa hiyo dozi inayotosha Wazungu wengi huweza kutupungukia, na mara nyingi huhitajika mara moja na nusu hadi mbili yake. Kuifikia nanogramu 8 hadi 12 kwa mililita, ambayo ndiyo shabaha ya kawaida ya miezi ya mwanzo, huchukua vipimo vingi vya kupandisha na kushusha.

Upande wa pili nao hauongei ovyo. Figo hapa kwetu hutoka kwa ndugu aliye hai, kwa hiyo nyumba moja imetoa wagonjwa wawili kwa siku moja, na wa tatu ndiye msaidizi. Watu watatu wakikosekana shambani Rungwe msimu wa kulima, hiyo nyumba imeyumba. Chumba kinachopatikana Dar es Salaam kwa fedha za familia kama hiyo kwa kawaida ni kwa ndugu, wamelala watano, mmoja anakohoa, mbu wapo. Mtu ambaye kinga yake imeshushwa kwa makusudi anatoka kwenye baridi ya Mbeya isiyo na malaria nyingi, anapelekwa kwenye joto lenye malaria na msongamano, halafu tunaita huko ndiko salama.

Wanaosema aende na kurudi kwa basi kila kliniki wanakosea zaidi ya wote. Mtu aliyekaa miaka miwili au mitatu kwenye mashine ya kusafisha damu bila kukojoa, kibofu chake kimesinyaa. Akipata figo jipya anakwenda msalani kila saa, na kibofu kikijaa kupita kiasi kinavuta ule muungo mbichi. Basi la Mbeya halisimami kila saa. Anachofanya abiria wa namna hiyo kinajulikana: anaacha kunywa maji tangu jioni, anafika kliniki amekauka, kreatinini imepanda, wote wanaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Ongeza mkanda wa kiti unaopita juu ya figo lenyewe, kwa kuwa figo jipya halikai mgongoni, linawekwa chini ya tumbo pembeni, mara nyingi kulia. Akilazimika kusafiri, mkanda wa chini ukae juu ya mifupa ya nyonga, na taulo laini liukinge mshono.

Kwa maoni yetu, kwa anayeishi mbali wiki sita za kwanza hazina mjadala: abaki. Sababu si kreatinini tu. Wakati wa upasuaji huachwa kijimrija laini kinachounganisha figo na kibofu, wanachokiita stenti, na hutolewa kwa kamera ya kibofu kwa kawaida wiki ya nne hadi ya sita. Kinachotisha ni mgonjwa kuondoka kabla, akajisikia vizuri, akakisahau. Kikikaa miezi mingi kinajenga mawe, kinaalika bakteria, na kukitoa kunakuwa upasuaji mwingine. Tarehe ya kutoa stenti iandikwe kwenye karatasi ya kutoka wodini, na asiyeiona aiulize.

Baada ya hapo, kama kreatinini imetulia, arudi. Kinachopaswa kusafiri ni damu yake.

Takrolimusi hupimwa kwenye damu nzima, isiyotenganishwa. Mililita mbili au tatu ndani ya kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kikigeuzwa taratibu mara nane hadi kumi ili damu isigande, hukaa siku kadhaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 bila kipimo kuharibika. Deli lenye barafu linatosha, ila kichupa kifungwe kwenye kitambaa kisigusane na barafu, kisije kikaganda. Basi la usiku likifika asubuhi, sampuli iko maabara ileile iliyopima zile za mwanzo. Maabara ileile, kwa sababu mashine za aina tofauti hutoa namba tofauti kwa damu hiyohiyo, na tofauti hiyo inatosha kumfanya daktari abadilishe dozi bure.

Penye kosa kubwa ni saa. Dawa humezwa kila saa 12, tuseme saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Damu inachukuliwa karibu na saa 2 asubuhi, kabla ya kumeza. Mgonjwa aliyezoea kumeza kwanza akaja kliniki baadaye atasoma 18 badala ya 9. Daktari aliye mbali, asiyejua, anapunguza dozi. Wiki mbili baadaye figo linalipia. Kwa hiyo kwenye kichupa ziandikwe saa mbili: saa ya dozi ya mwisho na saa ya kutoa damu. Muuguzi asiyeona saa hizo asiitume sampuli.

Kreatinini, potasiamu, picha kamili ya damu na mkojo vipimwe Mbeya siku hiyohiyo. Damu ya potasiamu ikikaa muda mrefu bila kutenganishwa, chembe zake huvuja na namba inapanda kwa uongo. Na vipimo vya kreatinini visomwe kwa kizio kimoja: 1.4 ya maabara moja na 124 ya nyingine ni kitu kilekile, maana 1 ya kizio cha miligramu kwa desilita ni 88.4 ya kizio cha mikromoli kwa lita. Hili limeshawatia watu hofu bure, na wakati mwingine limewapa faraja isiyo yao.

Wanaopinga kurudi mapema wana hoja moja ambayo deli la barafu haliitibu: daktari au mhudumu wa afya wa huko nyumbani anayetoa dawa sahihi kwa mgonjwa asiye wa kawaida. Kliniki ya kifua kikuu itaanza rifampisini kama mwongozo unavyotaka, nayo itaishusha takrolimusi vibaya sana ndani ya wiki moja au mbili, mpaka dozi iongezwe mara kadhaa. Mwenye vidonda vya tumbo atapewa klarithromaisini, mwenye utando mweupe mdomoni atapewa flukonazoli, na zote mbili zinaipandisha. Duka la dawa la Mwanjelwa, Mbeya, litatoa diklofenaki ya mgongo bila kuuliza, na hiyo inapiga figo moja kwa moja. Mgonjwa atembee na kadi yenye majina haya na namba ya simu ya kliniki yake, na aitoe kabla hajaeleza anaumwa nini. Asibadilishiwe pia takrolimusi ya kampuni moja kwa nyingine, au ya mara mbili kwa siku kwa ile ya mara moja, bila kupimwa damu tena. Akiba ya nyumbani isishuke chini ya mwezi mmoja. Dawa hizi hazipatikani kila duka, na mwili hausubiri mzigo ufike.

Jikoni nako kuna jambo ambalo wa Dar es Salaam huenda asilifikirie. Takrolimusi na Septrini, ambayo hunywewa kila siku kwa miezi ya mwanzo kuzuia nimonia, zote huzuia potasiamu isitoke. Sasa mgonjwa anarudi Tukuyu, ambako chakula ni ndizi, viazi mviringo, maharage na parachichi, vyote vyenye potasiamu nyingi. Hana haja ya kujinyima chakula. Viazi na ndizi vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, ndipo viungwe. Parachichi lisubiri hadi potasiamu ishuke chini ya 5. Ikivuka 6 ni hospitali siku hiyo, kwa ajili ya moyo. Maziwa yachemke mpaka yafure. Balungi na danzi aviache kabisa, vinapandisha takrolimusi. Wa Iringa watauliza ulanzi: ni kinywaji kibichi, kimekingwa kwenye mwanzi ulio wazi, nzi na chachu vyote ndani. Mwaka wa kwanza, hapana.

Juni na Julai watu wa Uyole hawanywi maji kwa sababu ya baridi. Lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku bado zinahitajika, isipokuwa daktari ameweka kikomo. Ziwe vuguvugu, ziwe chai ya rangi, mradi ziingie. Kuharisha ni hatari maradufu, kwa kuwa mwili unakauka na utumbo ulioumia unapitisha takrolimusi nyingi zaidi. Siku mbili za kuharisha ni sababu ya kupima damu.

Kwenye daftari aandike kila asubuhi uzito, presha, joto na kiasi cha mkojo. Homa ya 38, uzito ulioongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili, mkojo uliopungua ghafla, au kreatinini iliyopanda robo ya ilivyokuwa: lolote kati ya hayo, simu ipigwe siku hiyo, na safari ya kwenda kliniki iliyompandikiza iandaliwe. Wa Iringa hapa ana nafuu, Dodoma iko kama kilomita 260 tu, na kwake hata wiki sita zinaweza kujadiliwa baada ya stenti kutoka.

Kuna mtu mmoja ambaye pande zote mbili humsahau, yule ndugu aliyetoa figo. Hutoka wodini baada ya siku chache, na kwa wiki sita hadi nane asinyanyue ndoo ya lita 20 wala kushika jembe. Baadaye anahitaji presha, kreatinini na protini ya mkojo mara moja kwa mwaka, vipimo ambavyo havihitaji Dar es Salaam wala Dodoma. Siku mpokeaji anapotolewa damu yake ya deli, mchangiaji akae kwenye benchi hilohilo, atolewe ya kwake.