Pedeli za kubana viatu zitakuangusha umesimama

Mtu akikwambia kuanguka na pedeli hizi za baskeli, zinazonasa kipande kilichofungwa chini ya soli ya kiatu, ni lazima, yaani kama jando, mwache aseme ila usimfate. Mie niliyasikiliza nikaingia njia kuu kichwa kichwa, nikaanguka Mwanakwerekwe mchana kweupe na baskeli wala haiendi. Daladala ilisimama ghafla kushusha abiria, na mie nikasimama, mguu wa kushoto nikautoa vizuri kabisa nikajiona fundi, kumbe baskeli inalalia kulia ambako mguu bado umeshikwa, basi unakwenda chini polepole kama mnazi uliokatwa huku unajiona. Bi mmoja muuza ndizi kaniinamia, "Pole mwanangu, kwani umejifunga na baskeli?" Ndio mama, na pesa nimetoa.

Mguu ukiogopa unataka kwenda juu, na hapa ukivuta juu hutoki ng'o, unatoka kwa kuzungusha kisigino nje. Hilo nalijua tangu dukani lakini mguu haujui! Nimekuja kuufundisha nyuma ya nyumba, mkono ukutani, ingia toka ingia toka, jioni tatu mpaka watoto wa jirani wakachoka kuniangalia. Ile skrubu ya pedeli inayokaza jinsi inavyoshika kiatu nikailegeza mpaka mwisho. Na natua mguu wa kushoto tu, si tunaendesha kushoto, ukingo uko huko, nautoa kabla sijafika kwenye tuta na makalio nayapeleka huko huko.

Ninapobishana na wenzangu ni aina yake. Wao wanataka za resi, kipande kikubwa cha plastiki chini ya soli, skrubu tatu, eti ndo za Tour de France. Sawa, Hinault, yule Mfaransa, alishinda mbio hizo 1985 na za kampuni ya LOOK, na wazo lenyewe lilitoka kwenye vishikio vya viatu vya skii, sasa sie na theluji wapi na wapi? Hinault hakuwa akishuka Paje kunywa dafu. Mie natumia aina iitwayo SPD, kichuma kidogo cha skrubu mbili kinachojificha ndani ya soli, natembea kama mtu.

Juzi mwenzangu kashuka na zake mchangani, kurudi kiatu kinagoma kuingia, kakaa kwenye gogo anachokoa mchanga na kijiti huku anaapiza, mie dafu nishamaliza nakomba nyama.